Baba Hajanijibu Kuhusu Mpira

Deira, Dubai
12 Novemba 2015

Mwanangu Afrah,

Assalaamu alaykum. Natumai umzima na baridi ya huko haijakuzidi nguvu. Sisi hapa wazima. Joto limeanza kupungua, mama yako sasa anashuka mpaka sokoni bila ya kulalamika, ingawa goti lake la kushoto ni lilelile. Shifaa ameanza chuo, anasoma usanifu wa majengo, na kila siku anarudi na makaratasi makubwa yanayojaa meza nzima mpaka tunakulia sakafuni. Bibi yako Unguja anakusalimu. Kila nikimpigia anauliza kama umenenepa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu za mtandao hapa zimefungwa, na ile ya kawaida kila tukizungumza humalizikia mama yako analia na mimi nimenyanyua sauti.

Kuna jambo. Jumanne Hashir, huyu jirani yangu wa duka la matairi, alikuja dukani na simu yake. Nilikuwa na mteja wa Mombasa, tunafunga magodoro yake yapelekwe bandari ya Hamriya kupakiwa. Hashir akasema, "Nassor, hebu tazama. Huyu si Afrah wako?"

Nikatazama. Umeruka juu, mikono imenyooka, umeloa jasho, kitambaa cheusi kichwani, na nyuma yako umati wa watu wanakukodolea macho. Mteja naye akanyoosha shingo. "Ni yeye?" Nikasema nimesahau miwani nyumbani.

Afrah, mimi watu nimewaambia mwanangu yuko Amerika anasoma uhasibu. Ndivyo tulivyokubaliana. Ukaniambia mpira wa kikapu ndio unaolipa masomo, nikanyamaza. Lakini sasa huu mwaka wa nne. Mambo hayo yanakwisha lini?

Baba yako,
Nassor


Iowa, Marekani
9 Desemba 2015

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana, imepitia baridi mpaka bahasha imekakamaa. Mimi mzima, mwambie bibi sijanenepa na sitanenepa kwa chakula cha huku. Goti la mama alikande kwa barafu, si kwa maji ya moto, nimeshamwambia mara nyingi. Shifaa mwambie nimefurahi, na asiwe ananyamaza mno darasani.

Picha ile ni yangu. Ungeweza kumwambia Hashir ndiyo.

Baba, hujawahi kuniuliza huku kukoje, kwa hiyo nakwambia bila ya kuulizwa. Mji huu ni mashamba ya mahindi na chuo, basi. Siku ya mechi wakulima wanakuja na wake zao na wajukuu, wanajaza ukumbi. Kuna bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, kila mechi amekaa mstari wa mbele na sweta la rangi ya chuo. Siku moja alinishika mkono akasema na yeye alicheza, zamani, na mumewe hakujua mpaka walipokwisha kuzaa. Mimi mwaka huu ni nahodha. Hilo pia sikukwambia, kwa sababu sikujua nikwambie vipi.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Mwezi wa tano namaliza, na uhasibu wako nimeufaulu, usiwe na wasiwasi. Kocha wangu, Bi Lois, amepata habari kutoka klabu moja ya Ulaya. Wananitaka nikacheze kwa kazi, kwa mshahara. Lakini huku vyuoni nacheza na kitambaa changu, Lois aliniombea ruhusa tangu mwaka wa kwanza. Huko nje shirikisho la dunia linakataza kichwa kufunikwa. Wameanza kulegeza kwa majaribio baadhi ya mahali, ila klabu ile imesema wazi: niende kichwa wazi au nisiende.

Jina la nchi sikutajii, usije ukaanza kuulizia watu Deira.

Lois anasema uamuzi ni wangu. Mama anasema niswali, nimeswali. Nakuuliza wewe. Niende au nisiende? Wanataka jibu kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Chochote utakachosema nitakipokea, ila kiseme.

Mwanao,
Afrah


Deira, Dubai
20 Januari 2016

Mwanangu Afrah,

Assalaamu alaykum. Barua yako imefika salama. Bibi anasema barafu kwenye goti ni mambo ya kizungu, na mama yako yuko upande wa bibi.

Biashara hivi sasa imelala. Magodoro yamepanda bei tena, na wateja wa Mombasa wanataka niwapakilie kwa bei ya mwaka juzi. Nimekwenda Hamriya mara tatu wiki hii kwa mzigo mmoja wa mafriji, leo wanasema karatasi hii, kesho ile. Ami yako Adib ameoza binti yake wa kwanza huko Unguja, harusi ilikuwa nzuri, wali ulibaki. Shifaa siku hizi anachelewa kurudi, anasema wanachora michoro ya pamoja chuoni. Macho yake mekundu. Nimemwambia usanifu usimuue.

Mvua ilinyesha hapa Jumamosi, njia zikajaa maji, magari yakawa yanaelea. Ungekuwepo ungecheka.

Suala lako nimelisoma.

Vaa nguo nzito.

Baba yako,
Nassor


Iowa
15 Februari 2016

Baba,

Shikamoo. Salamu kwa mama na Shifaa.

Nimejua bei ya magodoro. Nimejua mafriji yamekwama Hamriya na wali ulibaki harusini kwa Ami Adib. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye korido, nikaigeuza nyuma nikidhani labda umeandika upande wa pili.

Nilikuuliza jambo moja.

Lois kila asubuhi ananiuliza, "Baba amesema nini?" Namwambia barua hazijafika. Namdanganya mtu aliyenitetea miaka minne, ili asikuone vibaya. Juzi nilicheza kifundo changu cha mguu kimefungwa plasta tele, tukashinda, ukumbi mzima ukasimama, na mimi kichwani nilikuwa najibishana na wewe. Nilikosa mitupo miwili ya bure ambayo huwa sikosi.

Ukisema nisiende, nitalia, kisha nitajua nimekatazwa na nani. Ukisema niende, nitajua nimebebwa na nani. Hivi ulivyofanya umeniacha nimesimama katikati ya njia.

Andika ndiyo au hapana. Hata bila ya salamu.

Afrah


Iowa
5 Aprili 2016

Baba,

Shikamoo.

Tumetolewa raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa. Ilikuwa kwenye televisheni, sijui kama huko inaonekana. Niliondoka uwanjani nimekamata jezi kwa meno nisilie mbele ya kamera.

Mwezi wa tatu umekwisha. Niliwaomba klabu wiki moja zaidi, wakanipa siku nne. Kila siku nilikwenda kuangalia sanduku la posta. Siku ya nne wakasema samahani, wamemchukua msichana mwengine.

Nilikuwa sijaamua. Nataka ulijue hilo. Mpaka dakika ile sikuwa nimeamua, kwa sababu nilikuwa nakungoja.

Afrah


Deira, Dubai
18 Aprili 2016

Mwanangu Afrah,

Assalaamu alaykum. Mama yako mzima, Shifaa mzima.

Ulitaka niseme nini? Nikisema nenda, nimemwambia mwanangu avue kitambaa chake mbele ya dunia, na bibi yako bado yuko hai. Nikisema usiende, nimekukata miguu kwa mkono wangu. Unasema ungejua umekatazwa na nani. Mimi ndiye ningekaa na hilo mpaka kufa kwangu, si wewe. Mtu anamuuliza baba yake swali kama hilo kwa barua?

Basi. Nina jingine, na mama yako halijui.

Jumatano iliyopita alinituma nikamchukue Shifaa chuoni, kachelewa na simu haipokei. Nikaelekezwa jengo la michezo. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mwanamke, Mmombasa, anaitwa Nunu. Nikamwambia ninamtafuta mwanangu.

"Yuko ndani, baba, lakini huingii. Wasichana wana mechi. Ikiwa ni yao hawaingii wanaume, hata mkuu wa chuo haingii."

"Wangu hachezi," nikamwambia. "Anasoma usanifu. Shifaa."

Akacheka. "Shifaa Nassor? Mwembamba, mrefu? Huyo ndiye anayewapigia wenzake kelele. Hebu kaa umsikilize."

Akanipa kiti cha plastiki. Nikakaa kwenye korido kama mtu anayengoja daktari. Nikasikia viatu vinalia sakafuni, mpira unapiga, filimbi, wanawake wanapiga makofi. Halafu nikaisikia sauti yake: "Yalla, rudi! Rudi nyuma!" Afrah, mtoto yule nyumbani hata chumvi haombi kwa sauti. Pakatokea ukelele mkubwa, nikasimama bila ya kujijua.

"Wamepata au wamepatwa?" nikamuuliza Nunu.

Akachungulia kwenye upenyo. "Wamepatwa."

Nikakaa. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Alipotoka na kuniona, rangi ilimtoka. Nikamwambia twende. Tukapanda treni ya metro, tukashuka kituo cha Union. Sikumwambia mama yako. Sijamwambia Shifaa aache wala aendelee. Siku hizi wanangu wote wawili wananitazama vilevile, kama wanaotazama duka lililofungwa.

Baba yako,
Nassor


Iowa
10 Mei 2016

Baba,

Shikamoo. Kesho kutwa navaa joho. Najua huwezi kuja, usirudie kunieleza mambo ya viza. Mama nimempelekea picha. Kifundo kimepona.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, zaidi pale penye kiti cha plastiki. Nilicheka, kisha nikashikwa na hasira upya, kwa sababu kwa Shifaa ulikaa ukasikiliza.

Nataka nikueleze kitu kuhusu mlango ule. Muhula huu nilisoma historia ya mchezo, Lois alinilazimisha. Mpira wa kikapu ulianzishwa na mwalimu mmoja wa huku mwishoni mwa mwaka 1891, alitundika vikapu vya matunda ili vijana wapate la kufanya wakati wa baridi. Haikupita miaka miwili wasichana wa vyuoni wakaanza, na mechi zao za mwanzo zilichezwa milango imefungwa, wanaume wamezuiliwa nje. Hapahapa Amerika, Baba! Walivaa magauni mpaka chini. Madaktari wakasema moyo wa mwanamke hauwezi kukimbia uwanja mzima, basi wakaugawa uwanja kwa mistari, kila msichana na kipande chake, haruhusiwi kuvuka. Sekondari za Iowa hii, wasichana walicheza kwenye nusu ya uwanja mpaka 1993. Mimi nilikuwa nishazaliwa!

Wakati huo wanaume mchezo wao wa vyuo ulikua tu. Mashindano ya taifa walipata 1939, kisha redio, kisha televisheni, kumbi zikawa kubwa kuliko misikiti ya Ijumaa. Wanawake wa chuo changu walishona jezi zao wenyewe na kulala kwenye sakafu za kumbi wakisafiri. Sheria ikaja 1972 kwamba chuo kinachopokea fedha za serikali kisibague wanawake. Hata hapo chama kilekile cha wanaume kikachukua miaka kumi kuwapa wanawake mashindano yao ya taifa. Yule bibi wa sweta alicheza kabla ya sheria hiyo. Alikufa mwezi wa tatu. Alicheza misimu miwili tu maisha yake yote.

Nilipoisoma habari hii kwa Lois ofisini kwake, akaniambia, "Unaona, mambo huenda mbele. Kidogokidogo." Nikamwambia khalas, sitaki kusikia neno hilo. Kila mtu ananiambia ningoje, sheria zitabadilika, na kweli zitabadilika, nimesoma, huwa zinabadilika. Lakini mimi nina miaka ishirini na tatu, Baba. Miguu yangu haina miaka kumi ya kuwangojea wazee wakae mezani.

Lois amenipa kazi ya kumsaidia kufundisha, mwaka mmoja. Nimekubali. Sikukuuliza.

Shifaa mwambie asinyooshe vidole mpira ukija kwa kasi. Atavivunja.

Afrah


Iowa
9 Mei 2017

Baba,

Shikamoo. Najua tumekaa muda hatuandikiani, simu za Eid hazihesabiki. Bibi wa Unguja, Mungu amrehemu, bado huwa nasahau kuwa hayupo. Mama ameniambia umepungua. Kula.

Wiki iliyopita shirikisho la dunia limepiga kura. Kuanzia Oktoba kichwa kitafunikwa, kote, ligi zote. Lois aliingia ofisini anakimbia, akanikumbatia, wasichana wote wakapiga makofi. Wasichana wawili ninaowafundisha wanavaa kama mimi. Hawakunielewa nilipotoka nje.

Nimeiandikia klabu ile. Wamejibu kwa adabu kwamba sasa wanatafuta wachezaji ambao hawajakaa mwaka mzima bila ya mechi. Nimejaribu nyingine mbili. Wanasema hivyohivyo, kwa hiyo nimebaki kufundisha kwa Lois.

Nimefurahi kwa Shifaa. Nimefurahi kwa wasichana wale wawili. Kwa nafsi yangu nimekasirika, na nakuomba usiniambie nisikasirike, na usiniambie kuna heri ndani yake. Mwaka mmoja, Baba. Na mwezi.

Afrah


Deira, Dubai
26 Novemba 2017

Mwanangu Afrah,

Assalaamu alaykum. Miezi sita unaingoja barua hii, najua. Niliianza mara nyingi, nikaishia kwenye habari za biashara nikazichana. Mama yako goti limepata dawa, sasa anapanda ngazi. Shifaa mwaka wa tatu. Na mimi nimekula, usiwasikilize.

Habari ya ile sheria niliisoma gazetini siku ileile. Juu ya hilo sina neno litakalokufaa, na umeshanikataza yale mawili niliyokuwa nayo. Kasirika.

Majuzi wasichana wa chuo cha Shifaa walikuwa na fainali na chuo kutoka Sharjah, na safari hii wametangaza familia zote ziingie, kina baba pia, kwa sababu wasichana wenyewe walipiga kura wakataka hivyo. Shifaa alikuja kunambia akiwa amesimama mlangoni, kama anataka kukimbia. "Mechi Alkhamisi, Baba. Ukitaka. Si lazima." Nikamwambia saa ngapi.

Nilifunga duka mapema. Nikaenda na mama yako, tukakaa juu karibu na ukuta, kwa sababu mimi sikujua watu wanakaa wapi. Mbele yetu baba mmoja wa Kihindi alikuwa anaandika kitu kila mara kwenye simu yake, na mwengine, Mwarabu, amekaa mikono kifuani kama nilivyokaa mimi. Shifaa akatoka na jezi nambari nane, kitambaa cheupe kichwani. Hakutazama juu. Nikaona anaogopa kutazama juu.

Afrah, sikujua kuwa ni mbio namna ile. Nilidhani mtu anasimama anatupa. Wanasukumana! Msichana mmoja wa Sharjah alimpiga mwanangu kiwiko cha ubavu, nikasema kwa nguvu, "Ewe!" Baba wa Kihindi akageuka, akasema kwa Kiingereza, "Yule ni wangu." Tukatazamana. Halafu akacheka, na mimi nikacheka, na yule Mwarabu akatwambia tunyamaze anataka kuona.

Wakati wa mapumziko mama yako akaniambia, "Ungekuwa hivi miaka yote Afrah anacheza, ningekukatia tiketi mwenyewe." Nilikwenda kununua maji na nilikaa huko kidogo mpaka uso wangu ukawa mzuri tena.

Walishindwa kwa vikapu viwili. Shifaa alilia, mama yake akalia naye, mimi nilibeba begi.

Sasa kuna kitu kimoja hakuna aliyeweza kunieleza, na wewe ni kocha. Karibu na mwisho Shifaa alipata mpira mbele peke yake, hakuna wa kumzuia. Akaudunda, akaushika kwa mikono miwili, akaenda, akaudunda tena, akafunga. Nikasimama na mikono juu. Refa akapuliza filimbi, kikapu kikakataliwa na mpira wakapewa wale wa Sharjah. Hakumgusa mtu! Nilimwambia refa anadhulumu, mpaka mama yako akanivuta kanzu. Shifaa anasema kosa lilikuwa lake, lakini mimi naona anasema hivyo kunituliza. Hashir naye hajui, anajua matairi tu. Nimelala siku tatu na jambo hili.

Alikosea nini? Nieleze taratibu, kwa kuchora kama itabidi, na usiniruke hata hatua moja. Na usichelewe kunijibu.

Baba yako,
Nassor